Niliolewa Kirumba, bwana harusi akiwa Ohio

Akidi yangu ya ndoa ilisomwa Agosti 2022, sebuleni kwa baba, Kirumba, Mwanza. Ilikuwa saa nne asubuhi kwetu na saa tisa usiku kwa bwana harusi, aliyekuwa amekaa na kanzu yake kwenye kochi huko Columbus, Ohio. Simu iliegemezwa kwenye jagi la juisi ili aone. Shemeji yangu ndiye aliyeshika mkono wa baba na kusema ameikubali ndoa kwa niaba ya kaka yake. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani. Tuliposikia "nimekubali", vigelegele vilipigwa, pilau ikapakuliwa, nikawa mke wa mtu.

Nimerudi Kirumba likizo, na ndani ya wiki moja mabinti wawili wamekuja kuniuliza habari hii. Wote wana wachumba nje, na wote wameambiwa "utaolewa kwa wakala, halafu utafuata". Nawaandikia wao, na mwingine yeyote aliye katika foleni hiyo.

Kwanza, usiogope kuhusu ndoa yenyewe. Kwa sisi Waislamu mwoaji anaruhusiwa kuweka wakili, ndiye huyo wakala; kukiwa na walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, mahari na ijabu na kabuli (kauli ya kuozesha na ya kukubali), mambo yametimia. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haiikatai. Maharusi wote wawili wakikosekana hakuna ndoa, lakini akikosekana mmoja ndoa husimama iwapo yupo pale shahidi ambaye huyo asiyekuwepo alitoa ridhaa mbele yake. Mume wangu alikuwa amekuja kuposa mwezi Mei mwaka ule, akampa kaka yake ridhaa hiyo uso kwa uso. Hapo hatukukosea.

Tulikosea kwenye mpangilio. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu kinachosema hivi kwa ufupi: kama wawili hawakuwa pamoja, mahali pamoja, wakati ndoa inafungwa, basi hawahesabiwi kuwa mume na mke mpaka wawe wamekutana kimwili. Ndiyo, hilo hilo unalofikiria. Shangazi nilipomweleza alijifunika uso kwa khanga akacheka, kisha akakasirika: "Sasa mambo ya chumbani yanawahusu nini?" Hakuna afisa anayekuuliza ya chumbani, shangazi. Wanachotaka ni ushahidi kwamba baada ya tarehe ya akidi mlikuwa pamoja mahali pamoja. Tilia mkazo neno *baada*.

Sisi tulikuwa na picha tele: za posa, za Capri Point, za ufukweni tukila sato. Zote za Mei. Akidi ni Agosti. Mume wangu, ambaye ni raia wa kule, alijaza fomu ya I-130, ile ya kumwombea mke, Oktoba 2022, akalipa dola 535, tukaambatanisha albamu nzima kwa furaha. Mwaka uliofuata ombi likakataliwa. Mihuri yote ya pasipoti yake ilikuwa ya kabla ya ndoa, kwa hiyo mbele ya sheria yao mimi nilikuwa binti tu aliyewahi kutembelewa. Na kama unadhani unaweza kusema "basi ngoja aje sasa, tutaongeza ushahidi", jua kwamba kustahili kwenu kunapimwa kwa hali ilivyokuwa siku ombi lilipowasilishwa. Akija baadaye, mnaanza fomu mpya na ada mpya. Dola 535 zile hazikurudi.

Siku zile za huzuni ndipo alipojitokeza kijana mmoja mjini anayejiita mtaalamu wa viza. Ushauri wake: tutafute cheti kingine kinachoonyesha bwana harusi alikuwepo, "nani atajua?" Pasipoti ndiyo itajua. Haina muhuri wa kuingia Tanzania Agosti ile. Na uongo wa namna hiyo kwa Marekani si kosa la kukataliwa leo ukajaribu tena kesho. Unaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Kama shemeji alisimama kwa niaba, cheti kiseme hivyo, na fomu iseme hivyo. Ndoa ya wakala si aibu wala si siri. Akikwambia mtu uifiche, mkimbie.

Mume wangu alikuja Desemba 2023 kwa wiki tatu. Safari hii nilikuwa karani kuliko bibi harusi. Tulivuka kwenda Nansio, Ukerewe, nikatunza tiketi za meli. Hotelini nikamwomba mhudumu aandike majina yetu yote mawili, akanitazama kama mtu anayetafuta ugomvi. Nilitoa kopi ya kila risiti siku hiyo hiyo, na hili nalisisitiza kwa sababu karatasi za mashine ya EFD hufifia. Ndani ya miezi kadhaa unabaki na kipande cheupe. Tulipiga kopi za mihuri ya pasipoti na vipande vya tiketi za ndege. Shangazi na shemeji walikula kiapo kwa maandishi kwamba walituona tukiishi pamoja kwa baba na kule Ukerewe. Hapo nikawa na mawakili wawili, wa akidi na wa kiapo, na huyu wa pili ndiye aliyetoza hela. Kilichokuwa cha Kiswahili kilitafsiriwa chote kwa Kiingereza, na mtafsiri akathibitisha kwa saini.

Ombi la pili tulilituma kwa mtandao Aprili 2024. Ada zilikuwa zimepanda tarehe 1 mwezi huo huo, tukalipa 625. Tungefanya haraka wiki mbili tu tungeokoa kidogo, lakini nani alikuwa anakumbuka.

Mabinti wangu wameniuliza pia kuhusu ndoa za mtandaoni zinazofungwa kupitia jimbo la Utah, Marekani. Kwa uhamiaji ni yale yale: skrini haihesabiwi kuwa ni kuwa pamoja, mpaka mkutane baadaye. Viza ya mchumba nayo ipo, kwa mwenye mume mtarajiwa raia. Mnatakiwa muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba, na ukifika mfunge ndoa ndani ya siku 90. Kwetu haikuwezekana. Baba alisema binti yake hapandi ndege bila kuolewa, na kwa baba hakuna rufaa.

Kama mwenzako yuko Kanada, usinifuate mimi kabisa. Tangu 11 Juni 2015 wao hawaipokei ndoa ya wakala, ya simu wala ya intaneti katika kumleta mke au mume, isipokuwa kwa wanajeshi wao katika hali fulani. Huko kukutana baadaye hakuiokoi ndoa ile. Mwambie akate tiketi aje asimame mwenyewe. Uingereza wako tofauti: ndoa ikiwa halali ilikofungwa, hawakusumbui kwa sababu ya wakala, ila lazima muwe mmewahi kuonana, na tangu Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa wanaoomba upya ni pauni 29,000 kwa mwaka. Huko kikwazo ni mshahara.

Ucheleweshaji wetu ulinipa faida moja tu. Anayeingia Marekani ndoa yake haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya ukaazi ya miaka miwili, halafu anarudi kuthibitisha upya. Mimi niliingia 2025, yetu imepita miwili, nikapewa ya miaka 10.

Kwenye usaili wa viza nilibeba faili nene kama Kamusi. Afisa aliuliza, "Baada ya harusi mlionana lini?" Nikamtolea kopi ya tiketi ya Nansio. Akaisoma, akauliza kama Ukerewe ni kisiwa, nikamwambia ndiyo, akagonga muhuri. Zile picha za sato hakuzigusa.