Swali la lugha: Pichi ya hadithi ndo muhtasari?

Msomaji wa Jinja ameniuliza hivi: "Mwalimu, nimeandika hadithi fupi, mhariri akataka nimtumie pichi (pitch) ya sentensi moja au mbili. Nikamtumia muhtasari yangu ya kurasa mbili, akanirudishia eti si hiyo. Sasa pichi kwa Kiswahili ni nini?"

Pole ndugu yangu, mhariri yuko sawa lakini hata wewe sikulaumu, manake neno muhtasari tumelibebesha mizigo mingi. Mkutano ukiisha katibu anasoma muhtasari wa kikao, mwalimu naye ana muhtasari wa somo, na kwenye mtihani unapewa habari ndefu uifanyie muhtasari. Kote huko kazi yake ni ileile, kufupisha yote yaliyomo bila kuacha jambo kubwa, kwa hiyo muhtasari wa hadithi unasema mpaka mwisho wake, nani alikufa na nani aliiba. Ikisiri (abstract) nayo iachie makala za kitaaluma, ndo inakaa pale juu kabla ya utangulizi.

Pichi haifupishi, inamfanya mtu atake kusoma. Inataja mtu, jambo lililomkuta na kinachomkaba, alafu inanyamaza. Mimi naiita kiini cha hadithi, na naona inatosha kabisa, ukisema kiini cha yai hakuna mtu Kampala au Mbale atakayekuuliza maana.

Sasa angalia hii: "Hadithi inahusu maisha na changamoto za vijana wa mjini." Hapo hakuna kitu, na anayeharibu ni huyo "inahusu", ukimweka tu mbele basi nyuma yake yanafuata maneno makubwa yasiyoshikika. Mtoe, mpe mtu kitendo: "Fundi viatu wa Owino anakuta hati ya shamba la marehemu baba yake imefichwa ndani ya kiatu alicholetewa kushona, na mwenye kiatu anarudi kukichukua saa kumi jioni." Maneno 26 tu, na Owino ni lile soko la Kampala. Jina la fundi halipo kwa sababu mhariri bado hamjui, "fundi viatu" inamwonyesha zaidi kuliko jina lolote, na ile saa kumi ndo inakufanya uanze kuhesabu dakika pamoja naye. Kama alirudisha kiatu na hati au alikimbia nayo, hiyo iache kwenye muhtasari.

Tena nimetumia anakuta, anarudi. Hadithi yenyewe inaweza kuwa yote ni alikuta, alirudi, lakini kiini kinapendeza kwa -na-, kama vile jambo linatokea saa hii mbele ya msomaji.

Na hiyo "muhtasari yangu" nimeisikia sana kwetu Uganda. Ni muhtasari wangu, ikiwa mingi ni mihtasari yangu. Kwa hiyo ukimwandikia tena mhariri sema: "Kiini cha hadithi yangu hiki hapa, na muhtasari wake nimeuambatisha."