Kofi la Stelingi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Filamu na Tabia

SWALI: Shikamoo, mzee wetu wa safu hii. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ujiji na ninauza mawese sokoni. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 14, na kila akitoka shule hupitia kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video. Wiki mbili zilizopita dada yake alikataa kumfulia shati, naye akamwambia mbele yangu kwamba mwanamke asiyepigwa hajui kama anapendwa. Nyumbani kwetu hakuna anayepigwa. Baba yake anasema filamu ni maigizo tu, na kwamba mtoto akikua atayaacha. Je, filamu inaweza kumfundisha mtoto jambo ambalo hajaliona kwao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo amesema nusu ya kweli. Ukimuuliza kijana wako kama mtu anaweza kuruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine bila kuvunjika mguu, atakucheka, kwa sababu anajua vizuri kwamba hayo ni maigizo. Asichokijua, wala hana namna ya kukijua katika umri wake, ni jinsi mume na mke wanavyozungumza katika nyumba nyingine zote za Ujiji mlango ukishafungwa. Nyumba anayoijua kwa ndani ni moja tu, ya kwenu. Filamu humfungulia nyumba mia, na kama katika themanini kati ya hizo mume anapiga na mke anasamehe kabla ya jua kuchwa, kijana ataanza kudhani kwamba kwenu ndiko kusiko kwa kawaida.

Mwaka jana niliingia katika kibanda kimoja cha Mwanga, hapa Kigoma, usiku wa mwezi mpevu, usiku ambao wavuvi wa dagaa hubaki nchi kavu kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mbele ya mbalamwezi, na vibanda hujaa hadi watu wanakalia ndoo. Filamu ilikuwa ya nje, imetiwa sauti ya Kiswahili na mtafsiri mmoja mwenye maneno mengi kuliko waigizaji wenyewe. Ilifika mahali stelingi, yaani mhusika mkuu, akamzaba mkewe kofi. Katika picha yenyewe kofi lile lilikuwa jambo zito: mwanamke alinyamaza, kamera ikakaa usoni pake muda mrefu, na mwanamume akatazama mkono wake kama aliyeungua. Mtafsiri hakuuacha ukimya ule upite. Alisema, "Leo ndio atajua baba mwenye nyumba ni nani," na kibanda kizima kikaangua kicheko. Mbele yangu palikuwa na watoto watatu wa shule ya msingi. Mmoja hakucheka mara moja. Aligeuka akawatazama wakubwa waliokaa nyuma, akaona wanacheka, ndipo naye akacheka.

Kugeuka kule ndiko ninakotaka ukutafakari. Mtoto yule alikuwa na mashaka yake, na kama angekuwa peke yake huenda angebaki nayo. Alichofundishwa usiku ule ni kwamba watu wazima wa mtaa wake wanaliona kofi kuwa jambo la kuchekesha, na somo hilo lilitoka kwenye mabenchi zaidi ya lilivyotoka kwenye skrini. Filamu huleta tukio, lakini walioketi pamoja ndio wanaolipa tukio hilo uzito au wepesi wake.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2016 watafiti walipeleka filamu fupi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake katika vibanda vya video vya vijijini, wakazionyesha katikati ya filamu za kawaida ambazo watu walikuja kuzitazama, katika utafiti uliohusu vijiji 112. Maoni ya watu kuhusu kama kumpiga mke ni halali au si halali hayakusogea sana. Kilichosogea ni utayari wa wanawake kutoa taarifa: waliotazama hawakuogopa tena kwa kiasi kile kile kwamba wakisema wataitwa wambea, na miezi iliyofuata, watafiti walipouliza, wanawake waliosema kuna ukatili nyumbani mwao walikuwa wachache zaidi, yaani ukatili wenyewe ulipungua. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kubaki na maoni yake ya zamani moyoni lakini akabadili mwenendo, kwa kuwa amebadili hesabu yake ya namna majirani watakavyompokea.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi, Brazil, ambako tamthilia za kila jioni zilianza kutazamwa na taifa zima baada ya kituo cha Globo kuanzishwa mwaka 1965. Watafiti walizichambua zilizoonyeshwa hadi mwaka 1999, wakakuta kwamba miongoni mwa wahusika wakuu wa kike wenye umri chini ya miaka 50, asilimia 72 hawakuwa na mtoto hata mmoja, na asilimia 21 walikuwa na mmoja tu. Hakuna mhusika aliyesimama akahubiri uzazi wa mpango. Lakini katika maeneo ambayo mawimbi ya kituo hicho yalifika, wanawake walizaa watoto wachache kuliko ambako hayakufika, na wazazi walianza kuwapa watoto wao majina ya wahusika. (Nasi tusiwacheke. Mtaani kwangu wapo watoto wawili waliopewa majina ya mashujaa wa tamthilia za Kituruki, na bibi yao hajaweza kuyatamka hadi leo.)

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mtoto anaweza kujifunza asichokiona kwao, hasa kikija mara nyingi na kikipita bila mtu kukisemea. Usianze kwa kumfungia kibanda, maana atakwenda kwa siri na utakuwa umepoteza nafasi ya kuzungumza naye. Mwombe baba yake aende naye siku moja, akae naye benchi moja, na likija kofi kama lile asicheke. Mwenye nguvu zaidi hapo ni baba, kwa sababu mtoto atageuka kumtazama. Na akipenda, baba huyo huyo amwambie kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nimewahi kulitaja hilo kijiweni, na wanaume wawili walibisha hadi chai ikapoa.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kibirizi, fundi wa injini za boti. Tangu nikiwa mdogo nimetazama filamu za bunduki na za ngumi, za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, na sijawahi kumpiga mtu. Kwa nini wazee mnazilaumu filamu kwa kila kitu?

JIBU: Umeuliza vizuri, mjukuu wangu. Bunduki huna, na hakuna mtu Kibirizi anayetarajia uwe nayo, hivyo somo la bunduki halikupata pa kushika. Ninachokuuliza ni hiki: unaponunua miwani kama ya stelingi, unapomwomba binti namba ya simu naye akakataa, ukamfuata mara ya pili na ya tatu kwa kuamini kwamba kukataa kwake ni mwanzo wa kukubali, ulijifunza wapi? Katika filamu nyingi za mapenzi, anayeng'ang'ania ndiye anayeoa. Huenda wewe hukufanya hivyo, lakini waulize rafiki zako watatu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu. Wenzangu wanataka shule ipige marufuku filamu zote, hata za siku ya Jumamosi. Mimi naona filamu ingeweza kutusaidia. Unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Niko upande wako, ingawa si kwa filamu yoyote. Kuchuja kupo kisheria tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga kila filamu kwa umri wa watazamaji, hivyo mahali pa kuanzia ni kuheshimu daraja la umri lililopangwa.

Kuhusu msaada, wazazi wa wanafunzi wako wanakumbuka mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake njia nzima, ambaye mwisho wake ulikuwa UKIMWI, na mkewe Tunu, aliyejifunza kujitegemea. Matangazo ya Dodoma hayakuurusha hadi mwaka 1995, jambo lililowawezesha watafiti kulinganisha, wakakuta kwamba kwingineko matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi. Mkwaju alipendwa kusikilizwa, na ndiyo maana alifundisha. Angekuwa mhubiri, watu wangezima redio.

Lililo karibu zaidi na kazi yako lilifanyika Kampala, ambako wanafunzi wa sekondari walionyeshwa ama filamu ya Queen of Katwe, inayomhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa duni aliyekuja kuwa mchezaji wa chesi, ama filamu nyingine isiyohusiana. Katika mtihani wa taifa uliofuata, walioiona ya Phiona walifanya vizuri zaidi katika hisabati, hasa wasichana na waliokuwa dhaifu darasani. Filamu ile haina hata kanuni moja ya hisabati. Ina msichana anayefanana nao, anayeshindwa mbele ya macho yao kisha akarudi kwenye ubao.

Chagua basi filamu moja kwa mwezi, itazame kwanza peke yako, na uwe na kidhibiti mkononi. Panapotokea jambo kama lile kofi la Mwanga, simamisha picha kabla mtu yeyote hajacheka, kisha muulize mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa ameona nini.