Pointi 612,480 zilizokataliwa

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mwanza. Anasema amerithi gemu ya kaseti ya marehemu mjomba wake, taa inawaka lakini TV haionyeshi kitu, na swali lake ni hili: "Kaka, nikiitengeneza, naweza kuingia nayo kwenye mashindano ya Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka?"

Nilimjibu mistari miwili, kisha nikashindwa kulala. Swali lake ndilo nililopaswa kujiuliza mimi miaka mitatu iliyopita. Sikujiuliza, na lilinigharimu.

Nianze na furaha kwanza. Jumamosi usiku, saa tano na dakika kumi, sebuleni kwangu Tabata, nimefikisha pointi 418,360 kwenye mashine niliyoifungua, nikailehemu na kuifunga kwa mikono yangu. Jumatatu nikajibiwa kwamba zimekubaliwa na jina langu limeingia kwenye orodha ya pointi za Tetris. Nililia. Mke wangu alitoka chumbani akidhani kuna msiba.

Lakini 418,360 si pointi zangu nyingi kuliko zote. Niliwahi kupata 612,480, na hizo hazimo popote.

Wengi mnaonisoma mmekulia pale pale nilipokulia mimi. Baba alinunua TV ya chogo mwaka 1995, wakati Tanzania Bara ndiyo kwanza tumeanza kuwa na vituo vya televisheni, na mwaka uliofuata akaleta kutoka Kariakoo ile mashine ya Kichina iliyoiga Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Pedi mbili, bunduki ya kupigia bata, na kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999 wakati ndani zilikuwamo chache zikijirudia kwa majina mapya. Mtaa mzima ulihamia kwetu. Kaseti ikigoma tunaitoa, tunaipuliza, tunairudisha. Kumbe tulikuwa tunaiua. Mate yana unyevu, na kwa hewa hii ya Pwani yenye chumvi, yale meno ya shaba yanaota kutu mapema. Nintendo wenyewe waliwahi kuwaonya wateja wao wasipulize.

Mashine ile niliikuta tena stoo kwa mama Tanga, imefungwa kwenye kanga. Niliiwasha, taa nyekundu ikawaka, kwenye TV hamna kitu. Kama ya kijana wa Mwanza.

Nilikuwa sijawahi kushika chuma cha kulehemu. Nikaipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja fundi redio, nikamwomba anifundishe badala ya kunitengenezea. Nilipoona kapasita moja, kidude cha kutunza umeme, imevimba kichwani nikataka kuing'oa pale pale. Akanishika mkono. "Mwanangu, usichome kitu hujakipima." Akaweka ncha za multimita, kile kipima umeme, kwenye kile kidude cha miguu mitatu kiitwacho 7805, ambacho kazi yake ni kupokea volti tisa za adapta na kutoa tano kwa ajili ya chipu. Chetu kilikuwa kinatoa 3.1. Chipu ilikuwa na njaa, basi. Tulibadilisha kidude hicho na kapasita mbili kwa pesa isiyofika bei ya chakula cha mchana, nikasafisha meno ya kaseti kwa kifutio cha shule na spiriti, na kwenye ile chogo ya zamani ikatokea picha. Mzee hakusema neno. Alinisogezea kikombe chake cha kahawa.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Ndugu yangu anayeishi Marekani alikuwa ameniletea kaseti ya kijivu ya Tetris, ile ya Nintendo ya mwaka 1989 inayochezewa mashindano ya dunia. Kaseti hiyo ina meno 72 na mashine yetu inapokea 60, kwa hiyo nikatafuta kiunganishi cha kubadilisha. Ikakubali. Nikaanza kufanya mazoezi kila usiku, mwaka mzima na zaidi, na mazoezi hayo sitayasimulia maana mnayajua. Nilikuwa natazama kanda za marehemu Jonas Neubauer, bingwa wa dunia mara saba, na ile fainali ya 2018 aliposhindwa na Joseph Saelee, kijana wa miaka 16. Nikajiambia, na mimi nitafika.

Usiku wa pointi 612,480 nilianzia leveli ya 18 kama wanavyofanya wakubwa. Pale ukiondoa mistari minne kwa mpigo unapata pointi 22,800. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini macho yalikuwa yanaona kila kitu, kama vipande vinanisubiri. Simu ilikuwa inarekodi juu ya rundo la vitabu. Nikatuma video kwa watunza orodha wa ng'ambo. Baada ya siku tisa likaja jibu la mstari mmoja: mashine hii haiendi kwa mwendo unaotakiwa, matokeo hayahesabiki.

Hakuna pole, hakuna maelezo. Mimi niliyelehemu usiku huku inzi wanakufa kwenye taa, nikaonekana kama mwizi. Nilikaa miezi miwili sijaigusa pedi. Nawaambieni ukweli, bado linaniuma, na kila nikiiandika ile namba naandika kwa heshima, kwa sababu nilizipata.

Lakini walikuwa sahihi.

Afrika Mashariki tulifuata mfumo wa televisheni wa PAL, ambao picha hubadilika mara 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walikuwa na NTSC, mara 60. Gemu za zamani huhesabu mwendo wao kwa picha hizo. Tetris ile ikiwa leveli ya 18, kipande hushuka safu moja kila baada ya picha tatu. Uwanja una safu 20. Fanya hesabu: kwenye mashine ya 60, kipande kinafika chini kwa sekunde moja. Kwenye yangu ya 50, kinatumia sekunde 1.2. Nintendo ilipoitoa Tetris Ulaya, ambako nako ni PAL, ilirekebisha mwendo wake. Mashine yangu ilikuwa inasoma kaseti ya Marekani kwa saa ya Ulaya, na kwa kila kipande ilinipa moja ya tano ya sekunde ambayo mwenzangu wa California hapewi. Kwa vipande mamia, huo ni mlima.

Sikuamini mpaka nilipopima mwenyewe, na hiki ndicho kipimo ninachotaka kila mmoja wenu akifanye leo. Anzia leveli ya 0, ambapo safu moja ni picha 48. Vipande vya mwanzo viweke pembeni, subiri kile kirefu kije kikiwa kimelala, usikiguse. Kinashuka safu 19. Mashine ya 60 itatumia kama sekunde 15. Nilishika saa ya simu mara tano, mara zote ikanipa 18 na ushee. Mzee wa Kariakoo alishaniambia usichome usichopima, nami nilisikia ya kapasita tu.

Mashine ya pili niliipata kwenye mtumba wa Japani, kwenye kontena la vyombo vya nyumbani, baiskeli na majiko ya umeme. Famicom yenyewe, ile nyeupe na nyekundu iliyotoka Julai 1983. Muuzaji alisema imekufa, nikampa shilingi 25,000. Ilikuwa imekufa kweli, na nikajua sababu kabla sijafungua skrubu: adapta yake ni ya umeme wa Japani wa volti 100, na mtu aliichomeka kwenye volti 230 zetu. Nikaitupa adapta, nikatafuta nyingine ya volti tisa yenye hasi katikati, nikabadilisha 7805, na mashine ikaamka. Jamani, mtumba wa Japani usiuchomeke kabla ya kusoma kibandiko chake.

Ikabaki picha. Famicom hiyo hutoa picha kwa njia ya antena tu, kwenye chaneli za Kijapani ambazo TV zetu nyingi hazizifikii. Dawa yake inajulikana: unachukua ishara ya picha kutoka mguu wa 21 wa chipu ya picha, unaipitisha kwenye transista moja, rezista mbili na kapasita ya mikrofaradi 220, unaitoa kwa waya wa njano wa AV. Nilitumia wikendi tatu. Mguu wenyewe ni mwembamba kama sindano ya cherehani, na risasi ya kulehemu ikimwagika inaunganisha miguu ya jirani. Mara ya kwanza nilipata picha isiyo na rangi inayopanda juu kama moshi. Nikadhani nimeunguza chipu, nikakaa sakafuni. Kumbe chogo ya baba inaelewa PAL peke yake. Nikahangaika hadi Mbagala nikapata chogo nyingine inayopokea NTSC kwenye AV, nikaibeba kwenye bajaji nimeipakata. Rangi zikaja zote. Hiyo ndiyo mashine ya zile 418,360.

Kwa hiyo nasisitiza: pima mashine kwanza. Chogo bado ndiyo TV ya kazi hii, maana nyingi za flati huchelewesha picha kidogo, na leveli ya 18 kidogo hicho ni kifo. Lakini chogo usiifungue. Ndani yake kuna umeme wa maelfu ya volti unaobaki hata ukichomoa waya, na hakuna rekodi yenye thamani ya mazishi yako.

Raba za pedi nazo ziangalie. Vijana wa sasa hawabonyezi kwa kidole gumba kama sisi. Gumba linatulia juu ya kitufe, na vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kwa zamu, kama mtu anayepiga dumbaki. Kwa mtindo huo, Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 wa Oklahoma anayejiita Blue Scuti alifika leveli ya 157 hadi gemu yenyewe ikaganda, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya. Mtindo huo unataka raba laini. Yangu ya kushoto ilikuwa imekwisha kaboni. Nilijaribu karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama tunavyofanya kwenye rimoti, ikafanya kazi wiki mbili ikabanduka. Nunua raba mpya.

Na rekodi kila kitu. Kaseti ya Tetris haina betri, ukizima pointi zimefutika. Mtaani kwetu kila mtu ana kaka aliyewahi kufika leveli fulani mwaka 1998, na hakuna wa kumshuhudia. Msidhani wakubwa wanahurumiwa: mwaka 2018 Twin Galaxies, watunza rekodi za gemu wa Marekani, walifuta rekodi za mchezaji maarufu Billy Mitchell za gemu ya Donkey Kong baada ya mabishano kama kanda zake zilitoka kwenye mashine halisi au programu ya kompyuta ya kuiga. Aliwashtaki, na kesi yao iliisha mwaka 2024 kwa makubaliano. Kama yeye aliulizwa mashine yake, wewe wa Mwanza na mimi wa Tabata ni nani tusiulizwe? Onyesha mashine kwenye video, ionyeshe kaseti ikiingia, onyesha kile kipimo cha sekunde 15, ndipo uanze kucheza. Usingoje waulize. Mimi nilingoja.

Sasa kijana wangu. Usinunue chochote bado. Fungua skrubu za chini, tafuta kidude cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805. Ukikielekeza maandishi yake kwako, miguu ikitazama chini, mguu wa kushoto unaingiza umeme, wa katikati ni hasi, wa kulia unatoa. Washa mashine, ncha nyeusi ya multimita iweke katikati, nyekundu iweke kushoto halafu kulia, uangalie zisigusane. Nitumie hizo namba mbili pamoja na picha ya bodi. Leo niko macho hadi saa sita usiku.