Senene hawangoji nyumba ijengwe

Wiki iliyopita niliweka picha za sherehe yetu ndogo ya kuhamia nyumba hapa Bukoba, na katikati ya pongezi zote kuna kaka mmoja aliniandikia inboksi ujumbe mrefu ambao ulininyima usingizi. Ana kazi, ana mchumba, kiwanja anacho tayari, lakini ameshindwa kufanya chochote kwa sababu kila akishika simu anaona dunia inaisha. Leo vita, kesho mafuriko, keshokutwa akili mnemba inachukua kazi za watu, mara ugonjwa mpya, mara vita ya tatu ya dunia ipo mlangoni. Akaniuliza, "Dada, wewe moyo wa kukata keki unautoa wapi?" Barua ya posa iko kwenye droo hajaipeleka mpaka leo.

Nimeamua kujibia hapa manake najua hayuko peke yake. Nyie mnaonisoma nawajua, ni watu wa malengo, mnataka kujenga, mnataka biashara ikue, mnataka watoto wasome vizuri, na huu woga unawala kimyakimya kuliko hata madeni.

Kwanza mjue naongea kutokea wapi. Mimi ni mtu wa Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliingia huku kwetu Missenyi na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchi hii waligundulika kwenye mkoa huu huu, watu wakauita Juliana kwa sababu ya vitambaa vilivyokuwa vinaletwa kutoka Uganda, na kuna nyumba zilibaki na mabibi na wajukuu tu, katikati hapo hakuna mtu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu, hapa mjini ni shida kukuta ukoo ambao haukuguswa. Halafu tetemeko 2016, halafu ndege kuanguka ziwani 2022, halafu ugonjwa wa virusi vya Marburg 2023. Kwa hiyo mtu akiniambia "wewe hujui hofu" huwa naumia kweli.

Ngoja niwaambie la tetemeko, kwa sababu ndilo lililonipata mwilini.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu mchana hivi. Tulikuwa tumepanga Hamugembe, mwanangu wa kwanza alikuwa bado anatambaa, mimi nakunja nguo kwenye mkeka. Nikasikia mngurumo unatoka chini, vyombo vikaanza kugongana kabatini, alafu sakafu yenyewe ikahama. Nilimnyakua mtoto nikatoka nje bila kitenge bila viatu, na nilipogeuka ukuta wa chumbani ulikuwa umelala juu ya kitanda, vumbi jekundu limejaa dirishani, majirani wanaitana majina. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, majeruhi mamia, nyumba zilizoanguka na kupasuka ni maelfu, na Ihungo na Nyakato, shule ambazo baba zetu walisoma wakawa wanajivunia mpaka leo, zikaharibika kiasi cha wanafunzi kuondolewa.

Tulilala nje. Na ardhi haikutulia, siku zilizofuata ilikuwa inatikisika tena kidogo kidogo, kila ikitikisika watu wanapiga kelele. Hata tuliporudi ndani mimi nililala na viatu, begi la mtoto mlangoni, taa inawaka. Vikombe vya udongo alivyoniachia mama yangu nilivizungushia magazeti nikavifungia kwenye boksi, tukawa tunanywea vya plastiki, wageni wakija plastiki, Krismasi plastiki. Nilikuwa nimeanza biashara ya kufungasha senene, wale panzi wa kuliwa, na kutuma Dar na Mwanza, nikaiacha. Mume wangu akitaja kiwanja naondoka sebuleni. Nilikuwa nasubiri lingine. Kila siku nasubiri lingine.

Na watu hawakunisaidia, semeni mnavyotaka. Kuna shemeji alinitangaza ukoo mzima kwamba najidekeza, kwani mimi ndiye wa kwanza kuangukiwa na ukuta? Kuna mzee wa kanisa alisimama mbele za watu akasema Wahaya tumeadhibiwa kwa majivuno yetu, na mimi nimekaa pale na mtoto mgongoni na sina pa kulala. Yule mzee tunakutana sokoni mpaka leo, namsalimia kwa sababu ya heshima tu. Na mitandaoni watu walikuwa wanatutungia utani wakati sisi tunazika. Sijasahau.

Sasa Novemba ile ile ikafika, na Novemba kwetu ni senene. Nilienda Missenyi kumchukua bibi, nyumba yake ilikuwa imepasuka kuanzia dirishani mpaka juu, analala chini ya turubai uani. Nilienda na nia ya kumwambia afungashe tuhame kabisa mkoa huu. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, ungo mapajani umejaa senene, wa kijani na wa kahawia, ananyonyoa. Anashika kichwa kwa vidole viwili, anavuta mabawa, anavuta miguu, anatupia kwenye sufuria, mkono hausimami. Majirani wawili wamekaa naye na wao nyumba zao hazina paa. Wanacheka. Sufuria iko jikoni juu ya mafiga matatu, hawakuweka mafuta manake senene wana mafuta yao, ni chumvi na kitunguu, na ile harufu ilikuwa imejaa uani pote.

Nilianza kulia pale pale nikamuuliza bibi unawezaje. Huyu mama alivuka mto Kagera 1978 akikimbia na mtoto mgongoni, alizika watoto wawili miaka ile ya Juliana, na sasa nyumba. Hakunijibu haraka. Akasema, "Senene hawangoji nyumba ijengwe mjukuu wangu. Ukingoja, wameshapita." Alafu bila hata kuvuta pumzi akaniambia nikitoka nipite kwa fundi nimwambie alete nguzo mbili za kuegemeza ule ukuta kabla mvua haijakolea, kaa chini unyonyoe.

Hayo mambo mawili alinipa kwa pumzi moja, na watu wengi wakisimulia stori za namna hii wanabeba la kwanza tu. Furahia maisha, ishi leo, basi. Hapana. Bibi alikuwa anakula senene na fundi anakuja. Angekula senene bila kumwita fundi ule ukuta ungemuangukia, na angemwita fundi bila kula senene msimu ungeisha na yeye kakunja uso.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Woga ndivyo nilivyoanza kuuchukulia kuanzia siku ile. Ukija sikufukuzi, karibu kaa, lakini siku ya tatu utalima. Mtu anaogopa tetemeko, jembe lake ni nini? Jembe lake ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta. Tulipoanza kujenga, fundi alitaka turuke lenta ya juu ili kuokoa hela, anasema mama nanii mbona nyumba nyingi hazina, nikamwambia nyumba nyingi nilizikuta chini 2016. Nondo zikazunguka kona zote bila kukatika, msingi tukaufunga, makabati yote yamepigwa skrubu ukutani, hakuna kitu kizito juu ya vitanda. Ile hela niliipata kwenye senene, nilirudi kwenye biashara mwaka uliofuata, tukajenga taratibu sana, msimu mmoja matofali msimu mwingine bati. Na siku lenta ya juu ilipokauka nilivitoa vikombe vya mama kwenye boksi, tukanywea chai na mafundi.

Usipoupa jembe unakula tu na kulala nyumbani kwako, na unataka kuongezewa.

Baba mkwe wangu na migomba ni hivyo hivyo. Mnyauko unyanjano ulipoingia huku ulimaliza mashamba ya watu, na kwa Mhaya mgomba ukifa hilo ni jambo la kutisha, manake chakula ni hicho. Yeye kila mkungu ukishamaliza kuzaa anakata lile ua dume kwa kijiti chenye panda, anazungusha linakatika, hatumii panga kwa sababu panga linabeba ugonjwa kutoka mgomba huu kwenda mwingine. Panga lake likigusa mgomba lazima lipite kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Akimaliza mzunguko wake ananawa, anakaa kibarazani anatafuna kahawa na wenzie mpaka jua linazama, na ukimtajia mnyauko muda ule anakwambia kesho asubuhi.

Marburg ilipotangazwa Machi 2023 kule Maruku na Kanyigo, simu zilikuwa haziwekwi chini, magrupu yote ni sauti za watu wanaolia, nusu uongo. Mimi nilinunua ndoo yenye koki na sabuni nikaweka mlangoni, tukaacha kushikana mikono, misibani tukafuata maelekezo ya wahudumu wa afya, nikatoka kwenye magrupu mawili nikabaki na taarifa za Wizara tu. Na kazi ikaendelea. Wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafariki, Mungu awapumzishe, tarehe 2 Juni ikatangazwa imeisha. Sisi tulionawa mikono tukaendelea na shughuli tulivuka, na waliojifungia ndani na simu zao walivuka pia, ila walitoka wamekonda na mtaji umeisha.

Najua kuna anayesema kufurahi wakati dunia inaungua ni ubinafsi. Nimeandikiwa hivyo na watu wawili watatu, na huwa nawajibu kwa kilichotokea hapa. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, ndege kutoka Dar ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja, ndani watu 43. Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Wale wavuvi walikuwa ziwani kwa sababu walikuwa na maisha yao, walikuwa kwenye kazi yao, ziwa lile lile lililoua watu 1996 wao wanaamka wanaingia. Wangekuwa wamekaa nyumbani wanaliogopa ziwa nani angefika na mtumbwi? Anayeishi maisha yake ndiye anakuwa karibu wengine wakipata shida, na tena ana nguvu za kusaidia.

Kwa hiyo kaka yangu, na wote mlio kama yeye, nawaomba sana. Vita ya nyuklia huna namna ya kuizuia ukiwa kitandani saa nane usiku. Ila vita ya Ukraine ilipoanza 2022 sisi huku ilitufikia kwa bei ya mafuta ya kula, petroli na mbolea, sasa hapo jembe lipo, panda bustani, punguza mikopo, weka akiba ya chakula. Akili mnemba unaiogopa? Jifunze kuitumia jioni moja kwa wiki, hilo ndilo jembe lake. Ukishalima, funga. Usiendelee kusoma. Simu ikalale sebuleni, mimi yangu saa tatu usiku inalala sebuleni. Ukiamka usianze na habari, anza na chai, anza na mtoto, anza na sala kama unasali. Na ukishalima kula vizuri, tumia sahani nzuri, vaa ile nguo unayoitunzia siku ambayo hujui ni ipi, mtembelee mama yako akiwa anaweza kucheka. Starehe halali sio dhambi jamani, Mungu hakutupa senene ili tuwaangalie wanapita kwenye taa.

Na barua ya posa ipelekwe mwezi huu. Yule binti wa watu naye anasubiri, hofu yako isimzeeshe. Bibi yangu aliolewa, akazaa, akalima, akacheza ngoma kwenye harusi za wajukuu, na hakuna hata mwaka mmoja ambao dunia ilimuahidi usalama.

Kitu kingine nilichoulizwa sana kwenye zile picha ni watoto, kwamba unawaambiaje kuhusu matetemeko bila kuwatisha. Mimi siwafichi. Wanajua ardhi ya huku inaweza kutikisika kwa sababu tuko karibu na Bonde la Ufa la magharibi, wanajua ikitikisika ni chini ya meza kubwa, mikono juu ya kichwa, mbali na dirisha, hakuna kukimbia mpaka itulie, alafu wote nje kwenye mwembe. Funguo ya mlango usiku haitolewi kwenye kitasa. Zoezi tumelifanya Jumamosi iliyopita, baba yao ndiye tetemeko, anatikisa meza huku ananguruma, walikuwa wamebanana kule chini wanacheka mpaka machozi, na yule mdogo akitoka shule siku hizi kitu cha kwanza anauliza leo tetemeko lipo au halipo.