Ukinunua gari lililotumika, utazame nini: kilomita chache au rekodi za sevisi?

Rekodi. Kati ya gari la kilomita 150,000 lenye karatasi zote na la 70,000 lisilo na hata moja, chukua la kwanza. Mita hurudishwa nyuma kirahisi, na oili isiyobadilishwa kwa wakati huua injini hata kama gari halijatembea sana.

Kwa safari ndefu na kuuza baadaye, Corolla yenye injini ya 1NZ-FE ya 1500cc ni chaguo salama: inatumia cheni ya taiming, inayodumu kuliko mkanda, na mafundi wengi wanaijua. Ile ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo ya 2000 iangalie vizuri, inajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni.

Lione likiwa baridi. Gusa injini kabla ya kuwasha. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiamsha na huenda anaficha kitu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Fungua mfuniko wa oili: utando kama maziwa unaweza kuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoharibika, ingawa gari la safari fupifupi nalo huweka kidogo kwa unyevu tu. Tairi zisome ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Mpira wa zamani hupasuka kwenye mwendo mrefu hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo.

Rangi ya ajabu iache, itakusumbua kuuza.