Ukitafuta ndugu wa zafarani Kitulo, tazama kwanza unapokanyaga

Mara ya kwanza kupanda Kitulo kutafuta maua nilikwenda mwezi wa nane. Jina la "Bustani ya Mungu" nimelisikia tangu utoto, basi wikendi moja isiyo na harusi (mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mbeya, na wikendi za namna hiyo ni chache) nikafungasha lenzi zangu, nikateremka Chimala, nikapanda ile barabara ya kona 57 hadi Matamba nimekumbatia begi la kamera kifuani kama mtoto mchanga. Asubuhi yake nikakuta nyasi zimekauka rangi ya mkate, umande ulioganda unavunjika chini ya viatu, na upepo. Ua sikuona hata moja.

Mama niliyefikia kwake aliniona narudi, akacheka mpaka akaweka chini beseni la viazi. "Mwanangu, maua ya huku sasa hivi yamelala. Si ungeuliza kwanza kabla hujala nauli?"

Tangu siku hiyo nimerudi mara sita. Haya nayaandika kwa ajili ya yule ambaye nauli yake bado iko mfukoni.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na katika Afrika ya kitropiki ndiyo ya kwanza kuanzishwa hasa kwa sababu ya mimea yake. Ina kilomita za mraba 413 hivi, na uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wageni wengi hufuata okidi, ambazo ziko aina 45. Okidi zina mashabiki wa kutosha, mimi niziache. Ukoo ulionishika ni mwingine, ambao wanasayansi huuita Iridaceae, yaani jamaa za airisi.

Jina lisikutishe. Mmoja wa ukoo huo umeshamla mara nyingi: zafarani. Zile nyuzi nyekundu za kwenye biriani hutolewa tatu tatu ndani ya ua dogo la zambarau, na ili upate gramu moja unahitaji maua kama 150, ndiyo maana muuzaji huipima kwa macho makali. Zafarani haioti porini kwetu. Hata airisi yenyewe, iliyoupa ukoo jina, porini huipati ng'ambo hii ya ikweta. Lakini ukoo mzima una spishi zaidi ya 2,000, na zaidi ya nusu ziko kusini mwa Afrika. Kutoka huko jamaa wamefuata migongo ya milima kuja kaskazini, na nyanda zetu za juu ni moja ya vituo vyao. Kuna gladiola, Moraea, Dierama, Aristea, Romulea na wengine.

Kabla hujaenda, jifunze kuwatambua, usije ukapata aibu niliyoipata mimi. Mwaka mzima nilikuwa na picha ukutani studio, chini nimeandika "Okidi ya Kitulo". Siku moja mteja aliyekuja kupiga pasipoti akaikodolea macho, akaniambia kwa upole, "Kaka, hebu hesabu stameni." Nikasogea. Vile vijiti vyenye unga wa chavua vilikuwa vitatu.

Hiyo ndiyo alama. Ukiona ua lenye petali sita, chungulia ndani. Stameni zikiwa sita, umekutana na jamaa za lili. Kama huzioni kabisa na badala yake kuna kijiti kimoja kinene katikati, hiyo ni okidi. Zikiwa tatu, kaa chini utulie, umempata. Kisha tazama majani: ni marefu kama sime, yamekunjwa na kupachikana moja ndani ya jingine mpaka shina linakuwa bapa kama feni iliyofungwa. Tena yamegeuzia shina ukali wake, hayakulitandazia uso kama jani la muhindi. Hata bila ua, kwa majani tu, siku hizi natambua ukoo nikiwa kwenye bodaboda.

Sasa tuje kwenye kilichonigharimu safari tatu kukielewa. Ukifika Kitulo unaona uwanda mmoja mkubwa wa nyasi na unadhani maua yametawanywa ovyo kama mchele wa harusi. Sivyo. Ule uwanda una migongo, miteremko na mabonde, na kila ua lina mahali pake. Teremka hatua thelathini tu, umebadilisha majirani. Kwa hiyo usitafute maua. Tafuta udongo: wapi maji yanapita, wapi yanatuama, wapi jua linafika.

Gladiola ni ya mteremko. Ile inayoonekana zaidi ni Gladiolus dalenii, rangi ya machungwa yenye koo la njano, na mara nyingine ya njano-kijani iliyonyunyiziwa madoa ya kahawia hadi unadhani imeungua. Inasimama hadi kiunoni kwa mtu mzima, kwenye nyasi za mlimani na kati ya mawe, pale ambapo mvua ikinyesha maji hayakai. Petali ya juu imeinama mbele kama kapelo. Nilidhani ni pambo, hadi siku niliyokaa saa nzima mbele ya shina moja nikimsubiri ndege chozi. Alikuja, akashika shina, akazamisha mdomo, na ile kapelo ikamgusa utosini. Alipotoa kichwa kilikuwa na poda ya chavua. Stameni zimejificha chini ya kapelo zikimngoja yeye. Picha sikuipata, maana nilisahau kubonyeza.

Chini ya ardhi gladiola ina tunguu lililovaa koti la nyuzinyuzi kavu. Kila mwaka linaota jipya juu ya lile la zamani, na la zamani linasinyaa. Moto wa kiangazi ukipita unachoma majani, baridi ya mwezi wa saba inagandisha umande, lakini tunguu limejifunika, halina habari. Zile nyasi za rangi ya mkate nilizozinunia mwezi wa nane zilikuwa zimelalia maelfu ya matunguu. Yule mama aliposema yamelala hakuwa anatania.

Moraea ni kinyume. Yenyewe inapenda kulowa. Shuka mpaka chini ya bonde, mahali ambapo buti linatoa sauti ya kunyonywa, hapo ndipo kwake. Moraea schimperi, ambayo imeenea kutoka Ethiopia hadi Zimbabwe, hutoka mapema mvua za kwanza zikigusa ardhi, hasa palipoungua, kabla nyasi hazijarefuka na kuifunika. Ni ya zambarau, ina doa la njano kwenye petali tatu za nje, na ndiyo inayofanana zaidi na airisi za Ulaya unazoziona kwenye kadi.

Lala kifudifudi uitazame, nguo utafua. Utaona vitu vitatu vinavyofanana na petali katikati, vimesimama na kugawanyika ncha. Si petali. Ni matawi ya pistili, sehemu ya kike ya ua, kila moja limeinamia petali ya nje likatengeneza kijumba kidogo chenye dari. Nyuki anatua kwenye doa la njano, anajipenyeza chini ya dari kufuata asali, na mgongo wake unasugua stameni iliyobanwa humo. Ua moja lina milango mitatu. Nilimhesabia nyuki mmoja, aliingia wote.

Ua la Moraea halikai. Hunyauka upesi, kisha linatoka jingine kwenye shina. Aristea nayo ni vivyo hivyo, ya buluu kali ya wino, na ina haraka zaidi: saa tatu asubuhi imefunguka yote, saa saba mchana imejisokota kama kitambaa kilichokamuliwa. Wengi hufika getini saa tano baada ya chai ndefu, halafu wanalalamika hawakuona kitu. Anza na Aristea asubuhi, gladiola zipo, zitakusubiri. Na kwa wapiga picha wenzangu, siku ya mawingu msinung'unike. Buluu hiyo jua la mchana linaifua mpaka inakuwa kama sare ya shule ya muhula wa tatu.

Dierama nitaisema kwa ufupi kwa sababu imenishinda. Shina lake ni jembamba kama mshipi wa kuvulia, limepinda, na linaning'iniza kengele za waridi ambazo hazitulii hata upepo ukikata. Nimepiga picha mia mbili, nzuri moja. Romulea ni kinyume cha madaha hayo: kaua kadogo kasikozidi kidole, karibu na ardhi, kwenye nyasi fupi na kando ya njia. Hufunguka jua likiwaka tu, kukiwa na wingu kanajifunga na unakakanyaga. Na ukishuka kutoka uwandani kuelekea kwenye msitu, chungulia kivuli cha ukingoni karibu na vijito uone Crocosmia aurea, ya machungwa, imeinamisha vichwa. Hiyo haitaki uwanda wazi kabisa.

Kuhusu msimu, mvua huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne au wa tano. Maua yanashamiri kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukitaka wa kwanza kutoka, nenda mvua zikianza. Ukitaka wingi, nenda mwezi wa pili, ila jiandae kwa matope na gari kukwama. Beba buti za mpira, koti la mvua, na sweta ambalo ukiwa Mbeya mjini unaliona ni la mwendawazimu. Jisajili na ulipe ofisi za hifadhi pale Matamba, na tembea na mwongozaji. Wale vijana wanajua bonde lipi limechanua wiki hii, na hakuna kitabu kitakachokuambia hivyo.

Sasa dhambi yangu. Safari ya pili, nje ya mipaka ya hifadhi, nilikuta shamba jipya la viazi linalimwa na gladiola zimepinduliwa na jembe. Nikachukua tatu nikijiambia naziokoa. Nikazipanda kwenye ndoo ya rangi uani kwangu, nikawa namwagilia kila jioni kama mtu anayelea. Zilitoa majani, nikajisifu kwa majirani. Mwezi wa sita majani yakanyauka, nikadhani zina kiu, nikaongeza maji. Mwezi wa saba nikachimbua: uji mweusi, unanuka. Tunguu la mteremko linataka kiangazi chake kikavu, nami nililinyima usingizi.

Kwa hiyo usichimbe. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, hata kuchuma ua moja hairuhusiwi, na nje ya hifadhi unajisumbua bure. Milima hii imeshateseka na uchimbaji: viazi vya okidi vimebebwa kwa magunia kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko, na mchimbaji mwenye haraka hasimami kuhesabu stameni. Usije ukaonja tunguu lolote kwa kubahatisha pia. Moraea kadhaa zina sumu, na Afrika Kusini wafugaji wamepoteza ng'ombe kwazo.

Kama unataka gladiola uani, nunua za bustani. Mwenyewe nilishangaa kujua kwamba zile ndefu za kwenye ndoo za wapambaji, ninazopiga picha kila Jumamosi mezani kwa bwana na bibi harusi, ni wajukuu wa gladiola za porini Afrika. Karne ya 19 watunza bustani wa Ulaya walichanganya spishi kadhaa za huku, na dalenii imo kwenye damu yao. Tunaagiza mbegu za mjukuu na bibi yake yuko mlimani juu ya kona 57.

Mwaka jana mvua zilichelewa. Katikati ya mwezi wa kumi na moja, Ijumaa usiku, yule mama akanipigia simu. "Yale ya zambarau yametoka kule bondeni, panapochotewa maji. Uje kesho. Ukikawia yamekwisha, usije ukasema sikukuambia."

Kesho yake nilikuwa na harusi. Nikamwamsha mdogo wangu, nikampa kamera ya akiba na namba ya bibi harusi, saa kumi alfajiri nikawa stendi.