"Sliver" si kila kipande chembamba

Ukikutana na neno "sliver" unapofasiri, usikimbilie "kipande kidogo". Neno hili limebeba umbo: kitu kirefu, chembamba, mara nyingi chenye ncha, kilichopasuka au kukatwa kutoka kwenye kikubwa zaidi. Limetokana na kitenzi cha kale "slive", yaani kupasua.

Kwa mti, "kibanzi" kinafaa, ila kwa tahadhari. Kilichochoma kidole huitwa zaidi "splinter", ingawa baadhi ya Wamarekani husema "sliver" hapo pia. Na kile kibanzi cha jichoni, cha Mathayo 7:3, kwa Kiingereza ni "mote" au "speck", kwa kuwa hapo kinachotajwa ni udogo tu, si umbo. Maranda yanayojikunja chini ya randa ni "shavings". Kigae cha chungu ni "shard". Rangi kuukuu inayobanduka ukutani hutoa "flakes", kwa sababu ni bapa.

Tazama sabuni inayokaribia kwisha: imelika hadi karibu mwanga upenye, ukiibana inakatika. Hiyo ni "a sliver of soap". Haikupasuliwa na mtu. Wembamba peke yake umetosha.

Neno linahesabika, na hufuatwa na "of": "a sliver of glass", "slivers of glass". Likiwa kitenzi ni kukata vipande vyembamba virefu. Katika mapishi, "slivered almonds" ni lozi zilizokatwa kama vijiti, ilhali "sliced" ni bapa jembamba, nalo huwahi kuungua.

Panapoteleza wengi ni kwenye mafumbo. "A sliver of hope" ni chembe ya matumaini. Kibanzi cha matumaini hakisemeki. "A sliver of moon" inadai usome saa: ukionekana magharibi baada ya jua kutua, andika mwezi mwandamo, ukionekana mashariki kabla ya alfajiri, huo ni mwezi unaokwisha, na "mwandamo" litakuwa kosa la wazi.

Matamshi: i fupi, lina vina na "river". Kwenye viwanda vya nyuzi wengi hutamka "slaiva", wakimaanisha utepe mnene wa pamba iliyochambuliwa, kabla haujasokotwa kuwa uzi.

Mwisho, tafuta "silver" katika andiko lako lote. Herufi mbili zikibadilishana nafasi, kipande kinageuka fedha, na programu ya kusahihisha tahajia hupitisha tu, maana yote mawili ni maneno halali.